Kufufua 303 ya mzee: mwongozo kamili, toka karatasi za polisi mpaka nta ya nyuki

Nianze na kosa langu maana ndio limenifundisha hii kazi. Bunduki ya jeshi ya kwanza kuishika niliipasua mbao ya mbele kwa mkono wangu mwenyewe, sio kwa nyundo wala shoka, ni bisibisi tu, nazungusha skrubu taratibu huku napiga stori, nikasikia "kaa!" kama fimbo kavu imekanyagwa. Nitaeleza mbele ilikuwaje. Kwa sasa shika tu kwamba hivi vyuma vya zamani vina mitego yake na ukivivamia kwa spidi ya fundi wa kitanda cha sita kwa sita vinakuumbua.

Mimi ni seremala, niko Isevya hapa Tabora mjini. Bunduki sina na sitafuti. Ila nina ugonjwa wa vitu vya zamani, makabati, redio za mbao, saa za ukutani, na kuna mzee wa mtaani kwetu anamiliki 303, bunduki ya zamani ya jeshi la Mwingereza, kwa leseni miaka mingi sana, sasa macho hayampi tena, bunduki imekaa tu inakula kutu, kitako kinacheza kama jino bovu, mbao nyeusi tii kama chungu. Siku moja nimeenda kumsalimia, nimekuta wanakula michembe na karanga, akaniambia, "Kijana wangu, wewe si unafufua makabati ya Wahindi? Basi nifufulie na hii, nikifa wasiirudishe polisi ikiwa na sura ya kuni." Ndio ilivyoanza.

Karatasi kwanza, bisibisi baadae

Najua watu wanaruka hapa. Usiruke. Kwa nchi yetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Mwenye nayo akifa silaha inapelekwa polisi, halafu anayeitaka aanze kuomba upya kwa jina lake. Kwa hiyo ukikuta darini bunduki ya marehemu babu, au gobore limeviringishwa kwenye gunia, na hakuna karatasi, hapo hakuna cha kufufua, usiipige hata picha ya kutamba, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa mwende wote polisi. Polisi huwa wanatangaza vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari, lakini hata kama sio kipindi hicho kujipeleka mwenyewe ni bora kuliko kukutwa nayo.

Sisi tulienda kwanza. Mzee alibeba leseni yake, akaeleza anataka kusafisha na kutengeneza mbao, tukaelekezwa kitu kimoja ambacho nimekifuata mpaka leo: chuma kisitoke mikononi mwa mwenye leseni. Kwa hiyo utaratibu wetu ukawa hivi, kazi zote za chuma tunafanyia uani kwake, yeye amekaa kwenye kigoda ananiangalia, na mimi nikiondoka nabeba mbao tu kwenda nazo karakana. Jioni chuma kinarudi kwenye kabati lake la chuma lenye kufuli.

Na mpaka wa kazi yenyewe ni huu. Mimi nafanya mbao, kutu, usafi, na muonekano. Kitu chochote kinachohusu kufyatua, yaani triga, springi ya pini, kichwa cha bolti (kile chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya mtutu), chemba (pale risasi inapokaa), hicho sikigusi, ni cha fundi bunduki mwenye kibali. Sio uoga, nitakwambia sababu mwishoni.

Ijue uliyonayo

Tabora hapa kila bunduki ya zamani mwenyewe atakwambia "hii ya Mjerumani", eti iliachwa walivyokimbia mwaka 1916. Ni kweli Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 na Wajerumani wakaondoka mji ukiwa mzima. Lakini askari wengi wa Mjerumani vita vilipoanza walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, inaingia risasi moja moja, ya baruti nyeusi, ukipiga moshi unatoka wingu zima na adui anajua ulipo. Baadhi walikuwa na Mauser 98, hiyo inameza risasi tano na magazini yake, yaani kiboksi cha risasi, imefichwa ndani ya mbao.

Ya mzee ilikuwa na boksi la chuma limening'inia mbele ya triga, linachukua risasi kumi, na pua yake butu, mbao inafika karibu mwisho kabisa wa mtutu, kama pua ya kiboko. Hiyo ni Lee-Enfield fupi, Mark III, Mwingereza aliipitisha mwaka 1907. Ndio wazee wanaiita 303 kwa sababu ya kipenyo cha mtutu, inchi nukta 303. Ndio waliyobeba Keya, yaani askari wa King's African Rifles wa Mwingereza, na baadae polisi na askari wa wanyamapori, ndio maana mabaki yake yako mengi Afrika Mashariki yote.

Ushahidi uko kwenye shingo ya chuma, upande wa kulia, pale bolti inapolala ikifungwa. Futa taratibu na kitambaa chenye mafuta ya taa, utaona taji, herufi GR za mfalme, jina la kiwanda, mwaka, na aina. Ya mzee ilisoma B.S.A. Co., 1917, halafu III na kinyota. Kinyota kina maana yake, mwaka 1916 vita vilivyokuwa vimekolea Mwingereza alirahisisha, akaondoa kile kibati cha kufungia magazini na shabaha ya pembeni ya kupiga mbali sana, ili viwanda viende haraka. Ukikuta GRI na jina Ishapore ni ya India, ukikuta Lithgow ni ya Australia na mbao yake inaweza isiwe walnati kabisa.

Halafu tafuta namba. Namba ileile inatakiwa iwe kwenye mwili wa chuma, kwenye mtutu, na nyuma ya mkono wa bolti. Mara nyingi ipo pia kwenye shabaha ya nyuma, kwenye pua na chini ya mbao ya mbele karibu na ncha. Ziandike zote kwenye daftari, linganisha na leseni. Bolti ikiwa namba tofauti na mwili usiseme "aah inaingia", mwambie mwenye nayo na mwambie fundi, maana bolti hizi zilikalishwa na kusuguliwa moja moja kwenye mwili wake.

Sasa kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote kwenye mwongozo huu, hizo alama ndio bunduki. Vijimuhuri kwenye mbao, mshale mpana wa serikali ya Mwingereza, kile kisahani cha shaba kwenye kitako chenye namba za kikosi. Ukizifuta unabaki na bomba na ubao. Kuna 303 moja niliona, fundi mmoja alipiga msasa mbao yote mpaka ikawa nyeupe, akapaka vanishi inayong'aa kama meza ya harusi, chuma akakipiga brashi ya grainda. Mwenyewe alifurahi. Mimi nilitamani kulia. Miaka mia ya historia imeishia kwenye vumbi la msasa sakafuni. Kwa hiyo msasa, grainda, na vanishi, weka mbali kabisa na hii kazi.

Vifaa

Bisibisi bapa ndio moyo wa kazi, na iwe imejaa kwenye mfereji wa skrubu vizuri, juu chini na upana. Za dukani ncha yake imechongoka kama patasi, inateleza na kukwangua skrubu, mimi nilizisawazisha kwa tupa mpaka zikaingia sawasawa. Moja iwe ndefu sana, sentimita 30 na zaidi, ya kitako. Stili waya ile laini kabisa ya sifuri nne, mswaki wa zamani, vitambaa vya pamba, mafuta ya taa, mafuta ya mashine, mafuta ya kitani ambayo madukani wanayaita linsidi, tapentaini, nta ya nyuki, epoksi, na pasi. Trei za mayai kwa ajili ya skrubu, kila kitundu skrubu yake na karatasi ya jina.

Na tafuta ile senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati. Sio mzaha. Ni ya shaba, laini kuliko chuma, ukikwangua nayo kutu inatoka na chuma hakichubuki. Bibi yoyote ana moja kwenye kopo la vifungo.

Kufungua

Mwenye leseni ndiye anayehakikisha haina kitu, mbele yako, halafu na wewe unahakikisha. Mtutu umeelekea chini kwenye mchanga, magazini inatoka, bolti inavutwa nyuma, unaangalia ndani kwa macho na unaingiza kidole kidogo kwenye chemba. Risasi zote hazitakiwi kuwa kwenye uwanja huo, zifungiwe chumba kingine. Kukiwa na risasi za zamani zenye ukijani ukijani usizisafishe wala kuzifungua, zinaenda polisi.

Bolti ikishavutwa mpaka nyuma, kichwa chake kinainuliwa kinaruka toka kwenye kishikio halafu yote inatoka. Ifungie pembeni. Bunduki bila bolti roho yangu inatulia na kazi inaenda.

Piga picha kila hatua. Kila hatua! Sio picha moja ya mwisho.

Unaanzia mbele. Zile mbao za juu ya mtutu zinatangulia kulegezwa, ya nyuma imeshikwa na vibanio vya springi, inua sawasawa pande zote mbili, ukiinua upande mmoja inapasuka masikio. Halafu skrubu za ile pua, halafu mkanda wa katikati wenye pete ya ukanda. Ukitoa pua kaa macho, kuna kipini kidogo chenye springi kimekaa ndani ya mbao chini ya mtutu, kinadondoka kimya kimya na kwenye mchanga wa Tabora hukioni tena mpaka kiama. Katikati chini ya mbao kuna skrubu nyingine nayo ina springi yake, weka kwenye kitundu kimoja visitengane. Mwisho skrubu za kingo ya triga, kingo inatoka, na mbao ya mbele inashuka chini. Shusha sawa kwa sawa, usishike ncha ukaivuta kama unavunja muwa, maana nyuma imekaa kwa kubana kabisa na hapo ndipo mbao inapopokea teke la risasi.

Sasa mtego wangu. Kitako kimeshikwa na bolti moja ndefu ya kukazia (sio ile ya kufungia mtutu) iliyopita ndani ya tundu, unaifikia kwa kufungua kile kimlango cha shaba kwenye kitako, unatoa kopo la mafuta na kamba ya kusafishia kama bado vipo, unatoa na kipande cha ngozi kilichozibia, halafu unaingiza ile bisibisi ndefu. Ncha ya mbele ya bolti hiyo ni ya mraba, na huo mraba umeingia kwenye kibati kilichoko nyuma ya mbao ya mbele ili isilegee. Ukizungusha bolti ya kitako wakati mbao ya mbele bado ipo, mraba unageuka ndani ya kibati na unaipasua mbao toka ndani. Ndio ile "kaa!" yangu. Kwa hiyo mbao ya mbele inatoka KWANZA, kitako baadae. Na kwenye kurudisha ni kinyume chake, kitako kwanza kikazwe, uhakikishe mraba umekaa sawa, ndio mbao ya mbele ipande.

Skrubu ikigoma usiilazimishe. Tone la mafuta laini, acha ilale, kesho gonga bisibisi kidogo kwa mpini wa nyundo halafu jaribu tena. Ya mzee mmoja ilichukua siku nne. Tulikunywa chai siku nne.

Mbao

Hapa ndio nyumbani kwangu nitakaa kidogo.

Weusi wa mbao ya zamani sio rangi, ni mafuta ya mashine, jasho, moshi na vumbi vya miaka. Kwanza osha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na stili waya laini, fuata mishipa ya mbao, futa, rudia. Pale penye mihuri pita na kitambaa tu. Usitumie magadi wala dawa ya kuzibulia mabomba ya choo, inatoa weusi kweli lakini inakula na nyuzi za mbao, inaiacha mbao kama mkate uliolowa.

Mafuta yaliyozama ndani yanatolewa na jua, na jua Tabora hatununui. Mwezi wa saba wa nane ndio wenyewe. Ponda chaki nyeupe, changanya na tapentaini iwe uji, paka mbao yote, ingiza kwenye mfuko mweusi wa plastiki, anika juu ya bati. Mchana ukifungua unakuta chaki imegeuka kahawia, imenyonya. Futa, rudia siku ya pili, ya tatu. Kitako cha mzee nilirudia mara tano na bado pale karibu na shingo palikuwa panatoa. Usianike uchi bila mfuko ukasahau, jua la kiangazi linapasua mbao.

Vibonyeo usivisugue, vipulizie mvuke. Kibonyeo ni nyuzi zilizolala, hazijakatika, kwa hiyo weka kitambaa cha pamba kilicholowa juu yake, gusa kwa ncha ya pasi ya moto, subiri ile "tsss", inua, angalia, rudia. Nyuzi zinakunywa maji zinainuka. Mimi natumia pasi ya mkaa maana umeme nao una mambo yake. Jeraha la kukatwa na panga haliinuki, liache, ni la kwake. Na mahali penye muhuri usipige mvuke, muhuri nao ni kibonyeo, utauinua upotee, hili limewaliza wengi.

Nyufa sasa. Ufa mdogo unafungua kwa wembe, unatoa mafuta kwa pamba yenye tapentaini mpaka itoke safi, maana gundi haishiki kwenye mafuta, unapasha epoksi kidogo kwa maji ya moto iwe nyepesi, unaingiza, unafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa ukanda. Mpira wa tyubu unashinda klempu yoyote kwa mbao isiyo na pembe. Ufa mkubwa kwenye shingo ya kitako ongeza kijiti cha ndani, mimi huwa nachonga cha mninga.

Mbao niliyoipasua mimi niliiunga hivyohivyo, na pale kibati kilipong'oka kipande nikaweka kiraka cha mninga wa zamani, mguu wa meza ya miaka mingi. Mninga nausifia kwa sababu hauchezi, ukishakauka hauvimbi wala kusinyaa sana masika na kiangazi. Rangi yake inawaka kuliko walnati lakini ukipata mafuta miaka miwili mitatu inatulia. Kiraka changu sikukificha sana. Atakayekuja kufungua baada yangu ajue kilikuwepo.

Kitu kimoja, ndani ya ule mfereji mtutu unapolala usichonge, usisugue, usijaze gundi. Mbao inavyougusa mtutu ndio shabaha ya bunduki hiyo.

Kupaka mafuta. Jeshi lenyewe lilitumia mafuta ghafi ya kitani, na ndio yanayofaa. Usidanganyike na alizeti, tunayo kibao lakini haikauki inavyotakiwa, itanata mikono na baada ya mvua moja inanuka kama sufuria ya chipsi. Weka kidogo kwenye kiganja, sugua mpaka kiganja kiwe cha moto, acha nusu saa, futa yote yaliyobaki juu. Yote! Ukiacha tabaka linakuwa gundi. Wazee wa kazi wanakwenda hivi, mara moja kwa siku wiki nzima, mara moja kwa wiki mwezi mzima, halafu mara moja kwa mwezi. Ni kazi ya uvumilivu ila siku ya nne ya tano mishipa ya walnati inaanza kuchomoza toka kwenye ule weusi, kahawia yenye michirizi, na mzee siku hiyo aliichukua akaipitishia mkono hakusema kitu muda mrefu.

ONYO hapa na ninalisema kwa sauti. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona. Yakikauka yanatoa joto, kitambaa kilichokunjwa kinahifadhi joto, kinajiwasha chenyewe bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Mwisho wa mbao ni nta, na hapa ndio tunawashinda wote maana nta iko kwetu. Nunua kwa wafugaji wa Sikonge au popote, ile ya mizinga ya magome ina uchafu kidogo, iyeyushe ndani ya maji ya moto, chuja kwa kitambaa, acha ipoe ielee iwe kigae. Halafu nta sehemu moja, mafuta ya kitani sehemu moja, tapentaini sehemu moja. Nta na mafuta viyeyuke kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, sio juu ya moto moja kwa moja, toa nje mbali na jiko ndio uongeze tapentaini maana hiyo inashika moto kwa mvuke tu. Ikipoa inakuwa kama samli. Paka, sugua, futa. Mvua ikija maji yanakaa juu kama kwenye jani la mgomba.

Chuma

Kutu nyekundu ya juu juu, mafuta ya mashine, acha usiku, kesho senti kumi na stili waya laini na mkono mwepesi. Unasugua kutu, husugui chuma. Ule weusi au ukahawia uliotulia chini yake uache, ndio ngozi yake.

Kwa vipande vidogo vilivyofunguka kama mkanda na pua, kuna mchezo mzuri sana wa maji ya moto. Kutu nyekundu ikichemshwa kwenye maji safi inageuka kutu nyeusi, ambayo haili chuma. Ondoa mafuta yote kwa sabuni, chemsha kipande kama nusu saa kwenye sufuria ambayo mama haitaki tena, toa, kikiwa bado cha moto kinajikausha, piga mswaki ule weusi unaotoka vumbi, paka mafuta. Tumia maji ya mvua, ya kisima yanaacha madoa ya chumvi. Mara mbili tatu kipande kinarudi weusi wa zamani bila rangi yoyote ya dukani. Mimi mara ya kwanza niliona kama uchawi.

Siki, ndimu, koka, usiweke. Zinatoa kutu na zinatoa na weusi halali, unabaki na chuma cheupe kama kijiko. Njia ya umeme ya betri na magadi ipo kwa kipande kilichooza kabisa, ifanyie nje maana inatoa gesi inayolipuka, usiweke springi ndani inakuja kuwa kavu na kukatika, na usitumie chuma cha stenlesi kwenye ule upande wa pili, maji yanakuwa sumu. Binafsi sijaihitaji.

Shaba ya kitako na kile kisahani, maji ya uvuguvugu na sabuni, basi. Najua mkono unawasha kuchukua ndimu na majivu kama sinia la sikukuu, jizuie, kila ukisugua herufi zinapungua.

Ndani ya mtutu safisha kutokea nyuma kwenda mbele, kamwe usiingize fimbo toka mdomoni, mdomo wa mtutu ukilika kidogo tu shabaha imekwenda. Risasi za kijeshi za zamani fataki zake zilikuwa zinaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi haiyeyuki kwa mafuta, unaweza kupaka mafuta juu yake na ikaendelea kula chini. Ndio maana askari wa Mwingereza walikuwa wanamwaga maji ya moto ndani ya mtutu kwa kifaneli, halafu kukausha, halafu mafuta. Fanya hivyo mbao zikiwa hazipo, mpaka maji yatoke safi, pitisha vitambaa vikavu vingi, malizia na kitambaa cha mafuta. Ukiangalia ndani kuna vishimo vishimo usishtuke na usivisugue.

Kurudisha na kumpelekea fundi

Kitako, kaza vizuri, mraba umekaa sawa na kile kipande cha ngozi kirudi. Mbao ya mbele, ipande yenyewe kwa kubonyezwa na viganja, ikigoma kuna kitu umesahau, shusha angalia. Kingo, ile skrubu ya katikati na springi yake, mkanda, kipini cha mbele na springi, pua. Skrubu zote ziingie kwa vidole kwanza ndio bisibisi ije.

Sasa sababu ya kutogusa mambo ya kufyatua. Bolti ya Lee-Enfield imefungwa na masikio ya nyuma, na nafasi kati ya uso wa bolti na risasi ikizidi ganda linaweza kupasuka na moto ukarudi usoni kwako. Nafasi hiyo haipimwi kwa jicho wala kwa uzoefu wa seremala, inapimwa kwa geji, na geji anayo fundi bunduki. Hata ingeonekana mpya kiasi gani, bila fundi kupima na kuandika, hiyo ni ya kutazamwa. Ya mzee tulikubaliana mapema kabisa kwamba haitapigwa tena, akasema masikio yenyewe hayasikii adhana, risasi ya nini.

Kuitunza

Usiihifadhi kwenye kava la ngozi au la turubai, vinavuta unyevu na ngozi ina chumvi zake. Isimame kwenye kabati kavu la chuma, mdomo ukielekea chini kidogo ili mafuta yasitiririke kwenye mbao. Kuanzia mwezi wa 11 mvua zikishika futa chuma kila wiki mbili kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na ukiishika kwa mikono futa papo hapo, jasho linaacha alama ya vidole ya kutu ndani ya siku mbili. Kiangazi mara moja kwa mwezi inatosha. Nta rudia mwanzo wa masika. Bolti ya kitako ijaribu mwezi wa tisa mbao ikiwa imesinyaa, na ikiwa imelegea unajua la kufanya, mbao ya mbele inatoka kwanza.